Mpimaji wa Tope la Nungwe

Jumamosi ya mshahara soko la Geita lilikuwa halina pa kukanyaga. Wachimbaji walikuwa wameteremka kutoka mgodini, wengine bado wana vumbi kwenye nyusi, na kila mmoja alitaka kula kitu ambacho si maharage ya kambini. Gramafoni ya duka la nguo ililia mpaka sindano ikaanza kukwaruza. Katika zogo hilo, mbele ya karai la samaki, alichuchumaa kijana mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, soksi za magotini na kalamu tatu mfukoni, akimpanua samaki mdomo kwa penseli.

Samaki hakuwa wake, na mwenye samaki alikuwa akimtazama.

Mwenye samaki aliitwa Limi, jina ambalo kwa Kisukuma maana yake ni jua. Alikuwa na miaka ishirini, gauni la maua ya manjano lililomkaa kiunoni, khanga begani, na miguu yenye vumbi la lori kutoka Nungwe, kule ziwani, ambako mama yake Mbuke alinunua samaki kwa wavuvi kila asubuhi.

"Unanunua au unamtibu?" akauliza.

"Natazama tu, dada. Ona, ana watoto mdomoni. Furu huyu anakula wanawe." Kijana akatoa daftari, akaanza kuandika.

"Hali mtu hapo. Huyo fulu ni mama, amewaficha. Ikija hatali anawaita wanaingia mdomoni, ikipita anawatema wanacheza. Na siku zote hizo yeye mwenyewe haonji kitu. Mshike tumbo, ni tupu."

"Hatari," alisema kijana bila kuinua macho.

"Ndiyo, hatali."

"Kwa R. Ha-ta-ri."

Kijana huyo, Theonest, hakuwa mtu mbaya, msomaji, nakuomba umvumilie. Alikuwa Muhaya wa Kamachumu aliyefundisha shule mwaka mmoja tu, na katika mwaka huo akaambukizwa ugonjwa wa kusahihisha, ambao walimu wengine hawaponi mpaka wanazikwa. Katika nyumba nyingi za Wasukuma siku zile R haikuwa na kibarua. L ilifanya kazi ya zote mbili, na watu wakaelewana, wakaoana, wakalea. Yeye mwenyewe alisema "zahabu" mchana kutwa hapo Geita na hakuna mwenye mgodi aliyemfokea. Lakini mgonjwa wa kusahihisha hajisikii mwenyewe.

Mwaka ule wa 1954 alikuwa ameacha chaki, akaajiriwa msaidizi kwenye boti ya utafiti iliyozunguka ziwa ikipima kitu ambacho watu hawakuona sababu ya kukipima: tope la chini na viumbe waishio humo. Bosi wake, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, aliitwa Daktari. Kila boti ilipotia nanga watu walijipanga na vikohozi vyao na vidonda vyao, wakaondoka wamenuna kuambiwa kwamba huyu ni daktari wa samaki na minyoo.

Theonest alishika tumbo la yule furu. Kweli lilikuwa tupu. Akafuta alichoandika, na kwa kuwa aibu ilikuwa imemshika, akaokota samaki mwingine kutoka kwenye karai, mwenye mdomo mpana na midomo minene. Akamweleza Limi kwamba wa aina hii wamewapasua watatu, na wote matumbo yao yalijaa mayai na vitoto vya furu wengine. Sasa kama akina mama wanawaficha mdomoni, huyu anawapata wapi? Daktari mwenyewe alikuwa hajui.

Limi alicheka. Alisema hakuna mtoto wa Nungwe asiyejua. Huyo humvizia mama, humgonga chini ya kidevu, tena na tena, mpaka ateme, naye akadaka. Yeye alimpa jina tangu utotoni, mkunga wa uongo, kwa sababu hutoa watoto ambao siku zao hazijatimia.

Theonest aliona ni hekaya za wachuuzi. Akanunua samaki, akamtia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, ile ya kumi na saba, na juu ya lebo akaandika kwa mwandiko mzuri: "Huokota mayai yaliyodondoka chini." Lilikuwa jibu la mtu aliyesoma, na halikuwa na ushahidi wowote.

*

Daktari aliisoma lebo Jumatatu, boti ikiwa imetia nanga ghubani Nungwe. Akauliza nani amesema mayai hudondoka chini. Theonest akasema ni yeye, amefikiri. Na aliyeuza samaki alisema nini? Theonest akasimulia, akitarajia wacheke pamoja. Daktari hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu akaandika pembeni ya lebo, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno: "Nani kasema? Andika maneno yake."

Kisha akamwambia jambo ambalo Theonest alilikumbuka baadaye kwenye treni. Kwamba ukiandika unachodhani mtu alitaka kusema, badala ya alichosema, umetupa chupa majini, na huna tena namna ya kujua ulikosea wapi.

Basi Theonest alishuka ufukoni kumtafuta Limi kwa ajili ya sayansi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini alinyoa kwanza, na kwa samaki watu hawanyoi.

Alimkuta yeye na mama yake wanaanika samaki juu ya majani. Akaamkia, "Shikamoo, mama," Mbuke akaitika marahaba na kumtazama kuanzia viatu vya turubai hadi kalamu tatu. Akamwambia binti yake kwa Kisukuma kitu ambacho Limi alikataa kukitafsiri.

Walikata pipa la mafuta nusu, wakalijaza maji ya ziwa na mawe, wakaweka humo furu mama mwenye mayai mdomoni na mkunga wa uongo mmoja. Wakakaa. Siku ya kwanza samaki hawakufanya lolote isipokuwa kuzungukana. Ila katika kusubiri watu huzungumza, na Limi alikuwa na maswali kuliko Daktari.

"Chini kabisa kuna nini?" aliuliza. "Nimezaliwa hapa. Maji haya nimeyanywa, nimeyaoga, yamemchukua baba yangu. Sijawahi kumwona mtu aliyeuliza chini kuna nini."

Theonest alisimama akapangusa kaptula yake. Alimpeleka botini, mama akiwa ametoa ruhusa kwa kugeuza uso upande mwingine. Alimwonyesha bakuli la chuma lenye taya mbili, la kuchotea tope, akampa kamba yenye vitambaa vyekundu kila pima moja, akamwambia ateremshe. Limi aliteremsha akihesabu vitambaa. Kamba ililegea mkononi mwake, na hapo akajua amegusa. Chini yake, mahali ambapo hakuna jua lililowahi kufika, kulikuwa na sakafu, naye alikuwa ameishika.

Walivuta. Taya zikafunguka juu ya chekecheke, tope jeusi laini likamwagika, nao wakalimwagia maji taratibu mpaka yakabaki yale yanayobaki: minyoo miekundu myembamba, konokono wadogo kuliko punje ya mtama, na viluwiluwi vyenye kung'aa ambavyo siku moja vingepanda juu na kuwa wale mbu wa ziwani wanaopaa mawingu kwa mawingu.

"Kumbe kuna watu wanaishi huko," Limi alisema. Alikuwa na tope mpaka viwikoni na gauni limelowa, na Theonest alimtazama akasahau kuandika pima ngapi.

Tangu siku hiyo alimwita Jua langu, naye akaitwa Bwana Tope, jina lililoenea Nungwe nzima kabla jua halijatua. Alijaribu kumfundisha R. Walikaa kando ya pipa, Theonest akitetemesha ulimi, Limi akimwiga mpaka machozi ya kicheko yakamtoka, na R ikaja L kila mara. "Balua." "Barua." "Lafiki." "Rafiki." Siku moja Limi aliacha kucheka.

"Ningekuwa natoka pwani ungenisahihisha hivi?" aliuliza.

Theonest alisema anamsaidia tu. Limi akasema, "Haya," akageukia pipa. Neno hilo liliingia mahali na kukaa, ingawa Theonest hakuliona.

Siku ya nne, saa kumi alasiri, jambo likatokea. Mkunga wa uongo alizama, akatoka chini ya jiwe, akamgonga mama chini ya kidevu. Mama akayumba. Akagongwa tena, na mara ya tatu mdomo ukafunguka, mayai sita ya rangi ya machungwa yakatoka, na yule mwizi akayadaka yote kabla hayajafika chini.

Baadaye waligundua kwamba walikuwa wameshikana mikono, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia.

"Nilisema," alisema Limi.

"Ulisema," alisema Theonest, "nami niliandika kingine. Nisamehe."

*

Mapenzi yao yangekwenda vizuri tu kama wangebaki na samaki. Lakini kila mmoja alikuwa na safari mfukoni.

Limi alitaka kuwa mkunga wa kweli. Sista wa misheni alikuwa amemwandikia barua kwenye hospitali moja nje kidogo ya Shinyanga, ambako walichukua wasichana wachache kila mwaka kuwafundisha miaka miwili. "Sista ananitafutia mahali," alimwambia Theonest. Lakini Shinyanga alikuwako pia baba yake mdogo Makoye, mfugaji wa Samuye, na Makoye alikuwa amempata bwana mmoja aitwaye Nkwabi, mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Akikosa nafasi hospitalini, ingekuwa shida kumkatalia baba mdogo ambaye ndiye amewatunza yeye na mama yake tangu baba afe.

Theonest naye alikuwa ameitwa na Daktari. Kazi ya ziwa ilikuwa inamalizika, Daktari anahamia pwani kupima sakafu ya bahari yenyewe, kina ambacho kamba yao ya vitambaa ingeonekana uzi. Alitaka kwenda na Theonest kwa miezi kumi na nane, na huenda zaidi kama angependa. Jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Walilizungumza jambo hili wakiwa wamekaa juu ya boksi la chupa, gatini Nungwe, siku ambayo boti ilikuwa inaondoka kwenda Mwanza.

"Mwisho wa mwezi nitarudi hapa nizungumze na mama yako," alisema Theonest. "Nataka kukuoa, Limi. Ukinikubali, nitakwenda baharini kama mtu mwenye kwao, miezi yangu ikiisha narudi. Ukinikataa, nitamwambia Daktari anichukue moja kwa moja. Sitaweza kuliona ziwa hili."

Limi alikuwa na jibu tayari mdomoni, tangu siku ya pipa. Lakini aliogopa kulitoa kabla ya siku zake.

"Ngoja nikajue kwanza kama nina pa kusimama," alisema. "Juma lijalo nakwenda Shinyanga, Sista amesema watanipima. Nikipata mahali, nitakupelekea neno Mwanza. Siku hiyo utajua kila kitu."

"Na usipopata?"

"Wewe unapima tope kabla hujashusha kamba?"

Theonest alicheka, akakubali kusubiri. Boti ikapiga honi.

*

Limi alipata. Walimuuliza maswali asubuhi nzima, wakamwambia aanze Jumanne. Alitoka pale miguu haigusi chini. Baba mdogo Makoye alikuwa amempeleka kwa gari la ng'ombe, akapitia kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kuacha magunia yake, na humo ofisini kulikuwa na simu.

Karani wa ofisi hiyo aliitwa Bwana Sikujua. Alikuwa mtu wa Pangani, mpole, mwenye kofia safi na mapenzi makubwa kwa Kiswahili, lugha ambayo aliona inateswa kila siku mbele ya dirisha lake. Alimsikia Limi akimwomba baba yake mdogo wapitie posta kupeleka telegramu, akamhurumia, akasema atamsomea mtu wa telegramu kwa simu yeye mwenyewe, aache tu maneno yake.

Limi alisimama wima, akayasema polepole kama aliyeyakariri:

"Nimepata mahali Shinyanga. Usije Nungwe. Balua inakuja."

Bwana Sikujua aliandika, akampa heri ya safari, na Makoye akaita kutoka nje kwamba ng'ombe wamechoka kusimama. Limi akashukuru, "Wabeja, baba," akaondoka.

Karani akapiga simu. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linalonikera. Aliitazama ile "balua", akatabasamu, akaisahihisha ikawa barua, na hapo alikuwa sahihi. Kisha akaitazama "mahali". Msichana mzuri, mzazi wake yuko nje na gari la ng'ombe, uso unang'aa kwa furaha. Mtoto wa watu amelipiwa mahari na R imemshinda. "Mahari," akasema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetenda wema. "R kama Ramadhani. Nimepata mahari Shinyanga."

Neno moja Limi alilolitamka barabara kuliko mtu yeyote wa Pangani likafika Mwanza limeharibiwa.

Theonest alilipokea gatini, mikono yake ikiwa na rangi ya boti. Alisoma mara moja. NIMEPATA MAHARI SHINYANGA USIJE NUNGWE BARUA INAKUJA. Akamwona Nkwabi na ng'ombe wake, akamwona Makoye akisugua viganja. Kilichomchoma zaidi ni ile R. Alikaa juu ya kamba iliyokunjwa akajiambia kwamba, baada ya masomo yote yale kando ya pipa, R ya kwanza Limi aliyoipata ameitumia kumuaga.

Alikwenda kwa Daktari siku hiyo hiyo, akasema yuko tayari kwa miezi kumi na nane na zaidi. Daktari alimuuliza kama hasubiri ile barua iliyotajwa. Theonest akasema barua za namna hiyo anazijua, zimejaa "nisamehe" na "wazazi". Telegramu ilitosha. Akatia saini.

*

Treni ya Jumatano ilitoka Mwanza asubuhi. Daktari alikaa mbele, daraja la kwanza, na Theonest daraja la tatu na maboksi ya chupa, kwa sababu chupa hazikuweza kuachwa peke yake. Kila walipopita mahali penye reli mbaya alifungua boksi kuona kama kuna iliyovuja. Nje mbuga zilipita, mashamba ya pamba, madimbwi ya kunyweshea ng'ombe. Hakutazama.

Karibu saa sita alifungua boksi la pili, akashika chupa ya kumi na saba. Mkunga wa uongo alimtumbulia macho. Kando ya mwandiko wake mzuri kulikuwa na wino mwekundu: Nani kasema? Andika maneno yake.

Alisoma, akairudisha chupa. Kisha akaitoa tena.

Nani kasema?

Alichukua telegramu kutoka mfukoni, akaikunjua juu ya goti na kuikagua kama anavyokagua tope. Limi amesema neno. Kama alitaka kusema mahari, angetamka nini? Angetamka mahali. Na kama alitaka kusema mahali, angetamka mahali. Kwa vyovyote, kilichotoka kinywani mwake ni L. Theonest alikuwa amekaa naye siku nne kando ya pipa. Kama kuna jambo moja duniani alilokuwa na ushahidi nalo, ni hilo. Basi R hii si ya Limi. Kuna mtu mwingine ameiweka. Na kama R ni ya mtu mwingine, karatasi hii haisemi chochote.

Aliikunja telegramu, akaikunjua, akaikunja tena. Mwanamke aliyekaa mbele yake na kuku wawili akamuuliza kama anaumwa, naye akasema hapana, mama, amekosea hesabu tu. Alikumbuka alivyosema Limi: Nikipata mahali. Mara ngapi alilisema neno hilo? Sista ananitafutia mahali. Yeye, msaidizi wa utafiti, alisoma herufi moja akaandika jibu lote.

Treni ilipopunguza mwendo kuingia Shinyanga alikimbia hadi behewa la mbele.

"Daktari, nashuka."

"Kwa nini?"

"Niliandika jibu kabla ya kushusha kamba."

Daktari aliweka kitabu chake chini. Hakuuliza ni kamba gani. Alisema treni nyingine inapita Ijumaa, na kwamba chupa atazilinda yeye mwenyewe, hata daraja la tatu. Theonest akaruka na begi moja.

Nje ya stesheni aliazima baiskeli kwa fundi wa baiskeli, akamwachia saa yake iwe dhamana. Njia ya Samuye ilikwenda upande huu na ya hospitali upande ule. Kama ni mahari, yuko Samuye. Kama ni mahali, yuko hospitalini. Alisimama pale njia panda jua likimchoma kisogo, akiogopa njia zote mbili. Kisha akashika ya hospitali.

Limi alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu ya varanda, kazi ya wageni wote wa juma la kwanza. Alikuwa na gauni la buluu la wanafunzi, aproni nyeupe kubwa kuliko yeye, na kitambaa kichwani. Aliinua macho akaona soksi moja iko juu na nyingine imeanguka.

"Bwana Tope," alisema, akainuka polepole. "Balua yangu imefika upesi hivyo?"

Theonest aliegemeza baiskeli ukutani. Alimpa telegramu. Limi alikausha mikono kwenye aproni, akaisoma, midomo ikienda herufi kwa herufi. Alifika kwenye lile neno akasimama. Theonest alitarajia kicheko. Machozi ndiyo yaliyokuja.

"Nilisema mahali," alisema Limi. "Nililisema sawasawa. Maisha yangu yote ninasahihishwa kwa makosa, na siku niliyopatia, wakanisahihisha tena."

"Najua."

"Na wewe uliamini."

"Siku mbili."

"Ulidhani nimekuuza kwa ng'ombe wa Nkwabi, siku mbili nzima."

"Ndiyo. Nikatia na saini ya kwenda moja kwa moja." Alivua kofia. "Usimlaumu karani peke yake, Limi. Kazi hiyo niliianza mimi, kando ya pipa. Nilikuwa nasikia makosa yako, sikusikii wewe. Kama ungali na jibu lile, nimekuja kulisikia kwa maneno yako mwenyewe. Kama hunalo tena, nitarudisha baiskeli ya watu."

Limi alimwacha asimame. Alikuwa na haki, na aliitumia. Kutoka ndani alilia mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, akanyamazishwa.

"Jibu ni ndiyo," alisema mwishowe. "Lilikuwa ndiyo tangu mayai yale sita. Nililificha kwa sababu ya hatali."

Theonest alifungua mdomo. Akaufunga. Limi aliliona hilo, na hapo ndipo kicheko chake kilipokuja, kikubwa mpaka Sista akachungulia dirishani.

Walipewa Alhamisi alasiri ya kuzungumza, kwenye benchi, mbele ya macho ya watu. Wakakubaliana. Yeye angesoma miaka yake miwili. Theonest angekwenda kwa miezi kumi na nane, si siku moja zaidi, kisha angefika Nungwe kwa Mbuke na Samuye kwa Makoye kwa njia inayotakiwa.

"Nenda ukaone chini ya bahali," alimwambia Ijumaa, dirishani kwa treni, wachuuzi wa karanga wakipita katikati yao. "Ukafike kina ambacho mimi sitafika. Halafu unieleze huko nako kuna akina mama wanaofunga midomo."

"Nitaandika nitakachoona."

"Na chupa ile?"

Alimwambia kwamba Daktari ataipa lebo mpya, na akamsomea aliyokwisha kuiandika kwenye daftari: Mkunga wa uongo. Humgonga mama chini ya kidevu mpaka ateme. Amesema Limi wa Nungwe. Imeonekana.

*

Mwaka ukapita na nusu yake. Barua zilikwenda na kurudi, za Theonest zimejaa majongoo ya bahari, samaki bapa wenye macho yote upande mmoja, na mchanga mweupe ulioletwa juu kutoka kina cha kutisha. Za Limi zimejaa mapacha, kitovu kilichokatwa vizuri, na usingizi. Kisha kwa majuma sita hakikuja kitu. Limi hakuuliza mtu. Alifanya kazi, ila wenzake waliona kwamba kila simu ya ofisini ikilia anageuza kichwa.

Alasiri moja ililia, na Sista akamwita. Alikuwa karani wa telegramu wa mjini, kijana wa Kisukuma aliyejulikana kwa upole wake, akisema ana telegramu yake ya kutoka pwani, na kwa kuwa mvua imekata njia, je, amsomee kwanza?

"Soma," alisema Limi. Alishika ukingo wa meza.

"Anasema hivi: Nimepata mahali Mwanza. Nakuja. Naleta mahali Nungwe." Karatasi ikasikika ikigeuzwa. "Sasa, dada, hapo mwisho sielewi, nako kumeandikwa kwa L. Mtu analetaje mahali? Nadhani wamekosea huko. Niisahihishe kabla sijakupelekea kalatasi?"

Limi alikuwa ameshakaa chini, aproni imemfunika uso, na Sista akadhani ni msiba.

"Usiguse, kaka," alisema. "Hata helufi moja. Ilete kama ilivyo."